Mpokea Miti wa Isenzi

Alikuwa na mdomo mchafu. Nianze hapo, maana wanaomsifu leo wanamfanya mtakatifu, na mimi nilimjua. Alimliza bibi afya aliyekuja kutufundisha kuchemsha maji. Alimwambia baba yangu, katekista na mtu wa heshima zake, kwamba anasali kwa sauti ya mtu anayeita kuku. Baba hakumsalimia mwezi mzima. Halafu akajipeleka mwenyewe kumsalimia, tena kwa kofia mkononi, kwa sababu binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Isenzi, na bila yule mama hapakuwa na harusi.

Jina lake nalijua, silitaji. Alipenda kuitwa kwa kazi yake, Mpokea Miti, na ukimwita vinginevyo hakugeuka.

Isenzi ni kisiwa ziwani, upande wa Geita. Watu wake waliambiwa siku moja kwamba kisiwa si cha kukaa watu tena, wakavushwa, wakapakiwa kwenye malori, wakashushwa kwetu upande wa Ushirombo, kaya thelathini na kitu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Tulikwenda kuwatazama kama tunavyotazama mnada. Wao walikuwa wanaulizana maji yako wapi, na sisi tukawaonyesha kisima, wakacheka wakidhani tunawatania. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na mti begani, nguzo ya nyumba, aliyoitoa kisiwani na kuisafirisha njia nzima kati ya magodoro na masufuria ya watu. Dereva wa lori bado alikuwa anamlalamikia.

Harusi ya watu wale ilikuwa nyumba. Asubuhi kiwanja ni kitupu, jioni nyumba imesimama, imeezekwa, na maharusi wamo ndani. Kila kaya inaleta mti mmoja, haizidishi wala haipunguzi. Tajiri mti mmoja, mjane mti mmoja. Bwana harusi haruhusiwi kugusa hata fito. Anakaa katikati ya kiwanja mikono mapajani, nyumba inajengwa kumzunguka, na akijisahau akashika nguzo, nguzo ile inang'olewa na kazi inaanza upya. Bibi harusi anapitishwa kaya kwa kaya, kila mahali tonge moja, mpaka jioni ameshiba chakula cha watu wote na hawezi kusema fulani simjui.

Mpokea Miti alisimama mahali ambapo mlango utakuwa. Kila aliyeleta mti alimkabidhi yeye. Aliugeuza, akaupiga kofi, akaunusa. Mti uliotolewa kwa shingo upande aliujua, sijui alijuaje, akaurudisha: "Huu ulikuwa kuni zako za kesho. Kalete mti." Akiridhika alimuuliza mwenye mti swali moja tu, "Una neno?" Ukisema sina, mti unasimikwa. Ukisema ninalo, kila mtu anaweka chini alichoshika, na harusi inasimama mpaka neno lako limesikilizwa na kumalizwa.

Niliona harusi moja ikisimama siku mbili kwa ajili ya ungo. Mama mmoja mfupi, ambaye hata kuzungumza alizungumza kwa kujificha nyuma ya kanga, aliulizwa una neno, akasema ninalo. Mama wa bwana harusi alikuwa amemwazima ungo wakiwa bado kisiwani, hakurudisha. Watu wa bara tuliokuja kula tulikasirika. Nyama ilikuwa jikoni! Baba yangu akatoa wazo kwamba anunuliwe ungo mpya waendelee. Mpokea Miti akamtazama. "Katekista, huyu hataki ungo. Huyu anataka tumsikie." Wakamsikia, siku mbili. Yakatoka mambo ya miaka kumi, na yule mama wa bwana harusi akalia mbele ya watu na kukiri ungo aliuchoma kwa hasira. Siku ya tatu mti ukasimikwa, tukala nyama iliyokwisha kukauka. Yule mama mfupi nilimwona akicheza ngoma kanga ikiwa kiunoni.

Sasa hili ndilo la maana. Aliyetoa mti, tangu siku ile, hapigi hodi katika nyumba ile akisikia kilio. Anaingia. Mlango uwe wazi, uwe umefungwa, anaingia na kukaa, na mwenye nyumba hana haki ya kumuuliza amefuata nini. Kaya thelathini na kitu! Mwanamume wa Isenzi aliyenyanyua mkono alijikuta na wageni wengi kuliko siku aliyooa. Hawakumpiga wala kumtukana. Walikaa tu, wakajaa, wakakohoa, wengine wakaja na mboga zao za kuchambua.

Wanaume wa kwetu waliita mambo hayo ushamba wa kisiwani. Mama yangu hakusema kitu, ila nilimwona siku moja akiupima kwa macho mlango wetu.

Padri naye alitaka ndoa zao ziwe ndoa. Hakuwa mtu mbaya. Alimwendea Mpokea Miti akamwambia Wakristo wanafunga ndoa kanisani kwanza, ndipo mengine. Akajibiwa, "Leta mti wako, Padri." Basi akaleta. Alikuja na mti begani, kanzu imefungwa kiunoni, jasho linamtoka, na sisi watoto tukimfuata kwa vigelegele. Mpokea Miti akaupiga kofi, akaunusa. Akauliza, "Una neno?" Padri akadhani anaulizwa kama ana mahubiri. Akasema ninalo! Akaanza kueleza kwamba watu wa Isenzi wanachelewa misa. Mafundi wakaweka chini kamba. Harusi ikasimama, na ilibidi kaya zote zikae chini, zijibu moja moja kwa nini zinachelewa misa, mpaka jua likazama juu ya nyumba isiyo na paa. Padri aliomba sana kuliondoa neno lake. "Neno haliondolewi," alisema yule mama. "Linamalizwa." Ila baada ya hapo maharusi wa Isenzi walikwenda kanisani kwanza, na Padri alipeleka mti kila harusi, akiulizwa anasema sina kabla swali halijaisha.

Kosa lao kubwa lilikuwa mchwa. Kisiwani kwao hawakuwajua. Sisi bara tunaunguza kitako cha mti kabla ya kuusimika, mtoto yeyote anajua, lakini hakuna aliyewaambia. Niseme kweli, tulinyamaza ili tucheke. Mvua za mwaka wa pili nyumba ya harusi yao ya kwanza ikalala ubavu, maharusi na mtoto wao mchanga wakatoka wakitambaa. Tukacheka hasa. Mpokea Miti akaita kaya zote. Kila mmoja akachimbua mti wake, akaushika juu watu waone ulivyoliwa, akaenda kukata mwingine, na akaulizwa upya, "Una neno?" Kumbe katika miaka miwili maneno mapya yalikuwa yamejaa.

Baba, dhamiri ikimsuta, akamfundisha kuunguza kitako. Alisikiliza vizuri, akashukuru. Halafu akakataa.

"Nikiuunguza utadumu miaka kumi," alisema. "Na jirani hatarudi miaka kumi. Mwache mdudu afanye kazi yake."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Serikali ilipokuja kutupanga kwenye vijiji, nyumba kwenye mistari, kila mtu alitakiwa abomoe na kuhamia kwenye kiwanja chenye kigingi. Watu wengi walilia na kubomoa. Waisenzi walikuwa wamehamishwa mara moja tayari na sasa wanahamishwa tena. Yeye akapita kwenye kila nyumba ya harusi na kuamuru kila mwenye mti ang'oe wa kwake, autambue, aubebe begani. Lori lilikuwepo. Bwana mmoja wa wilaya, mwenye kalamu mfukoni, aliwaambia wapakie, mbona wanajitesa?

"Lori halijatoa mti kwa mtu," akamjibu.

"Mama, hii ni amri."

"Nimesikia. Si tunahama? Tunahama kwa miguu."

Watu wale walitembea na miti yao barabarani kuanzia asubuhi, wazee kwa vijana, lori likiwafuata nyuma polepole, tupu. Bwana yule akaishia kumpakia kikongwe mmoja, naye alikubali kupanda kwa sharti kwamba mti anaushika mwenyewe. Nilikuwa msichana mkubwa wakati ule, na nilijisikia kifua kikinijaa, ingawa si watu wangu.

Basi msidhani alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alikuwa bahili wa chumvi na tumbaku. Alicheka matangani. Aliogopa ng'ombe, katika nchi ya ng'ombe, na akiwakimbia alisingizia mbwa. Na nyumba yake mwenyewe haikuwa na mti wa mtu. Aliijenga peke yake baada ya kuhamia, fupi, imepinda, akaitia kufuli alilonunua Kahama, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Paa lilipovuja alimfukuza kila aliyekuja na nyasi. Nilimuuliza, maana nami sikuwa na adabu sana, kwa nini anayewalazimisha watu wote kushirikiana hataki kusaidiwa hata fito.

"Mimi nayajua maneno yenu yote," alisema. "Nikiwaingiza ndani nitalala saa ngapi?"

Nikapendwa na kijana wa Isenzi, nami nikampenda. Alikuwa mchimbaji kule Bugarama, mmoja wa wale wa mwanzo mwanzo waliokuwa wanashuka shimoni kwa kamba na tochi. Bahati ikamwangukia. Akarudi na redio, na viatu vya kisigino, na wazo kwamba hatajengewa nyumba ya fito akiwa ameketi kama mgonjwa. Akachoma matofali, akaita fundi kutoka Kahama, akaezeka bati. Mlango ulikuwa wa mbao nene na komeo la chuma kwa ndani. Nilikuwa nalipapasa lile komeo kwa mkono. Niliona fahari, kwa nini niseme uongo? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitaka kusikia mvua juu ya bati langu.

Mpokea Miti alikuja kiwanjani siku moja kabla ya harusi. Hakuingia.

"Nyumba nzuri," alisema. "Mti wangu niutie wapi?"

"Bibi, ni matofali. Hakuna pa kuutia."

"Ndicho ninachokuuliza."

Mume wangu mtarajiwa akacheka, akasema kwamba mila ni nzuri lakini dunia imebadilika. Yule mama akanigeukia mimi: "Nikikusikia unalia, nitasimama hapa hapa nipige hodi kama mgeni. Ujue hilo." Nikajibu kwamba sitalia. Nilisema kwa kiburi, mbele ya mashoga zangu.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, na yeye aliigeuza kuwa mchezo wa kunikera. Alikuja kila mvua iliponyesha, akasimama nje akilowa, "Hodi wenye bati!" na hakuingia mpaka niseme karibu kwa sauti. Akiketi, hazungumzi. Nilikuja kutambua kwamba alipenda mlio wa mvua juu ya bati kuliko mimi. Ukimwambia hivyo anatukana.

Halafu shimo la mume wangu likafukiwa na udongo, na rafiki yake akiwa ndani. Simtetei. Nasema lilivyokuwa. Alirudi mtu mwingine, akakaa nyumbani, akanywa. Siku moja mchana, watu wametoka shambani, nilimuuliza jambo dogo, la maji. Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Nililia. Tena nilipiga kelele, kiburi changu chote kikaisha mara moja. Na nikasikia nje ya mlango sauti ya yule mama.

"Hodi."

Mume wangu hakujibu. Akaendelea kunipiga.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Sauti nyingine zikaja. Waisenzi walikuwa wamekusanyika, nasikia miguu yao, nasikia majina yao, na wote wanapiga hodi. Kaya thelathini na kitu zimesimama mbele ya mlango mmoja zikiomba ruhusa! Hakuna aliyegusa mbao. Hawakuwa na mti. Nilimsikia yeye kati ya wote, hapunguzi, haongezi, hodi, hodi, kama mtu anayetwanga, na mimi niliinua mkono wa kushoto kujikinga, mkono ukavunjika. Nilisikia ukivunjika.

Mume wangu alipochoka alifungua mlango mwenyewe, akapita katikati ya watu, wakampisha. Mlango ulikuwa wazi sasa. Nilikuwa sakafuni naiona miguu yake yule mama kizingitini, vumbi mpaka kwenye magoti. Hakuvuka. Alikuwa ananisubiri niseme karibu.

Nikasema. Neno chungu kama lile sijapata kusema.

Walinifunga mkono kwa fito na vitambaa, wakanipeleka hospitali siku iliyofuata, lakini mfupa ulishika vibaya. Haunyooki. Nilikaa kwa baba miezi mitatu. Mume wangu alipokuja na wazee kuomba radhi, nilikubali kurudi kwa sharti moja, nikalitekeleza mwenyewe kabla hawajamaliza kunywa maji: niling'oa ule mlango pamoja na komeo lake. Nyumba ya bati, nzuri kijiji kizima, ikakaa na pazia la gunia. Mwenyekiti wa kijiji alisema namdhalilisha mwanamume. Nikamwambia aje na mlango wake aufunge, aone. Mume wangu aliishi na gunia lile mwaka mmoja na nusu, akaenda Geita kutafuta dhahabu nyingine, na huko alikaa.

Na Mpokea Miti sikumsamehe. Tulikutana kisimani, shikamoo, marahaba, basi. Mume wangu nilimwelewa, alikuwa mlevi mwenye uchungu. Yeye alikuwa na akili timamu. Alisimama na akili zake zote nje ya mlango wangu akishika sheria. Aliacha kuja wakati wa mvua, wala mimi sikumwita.

Miguu yake ilipoisha nguvu, mtoto wa dada yake alimchukua kwenda kuishi naye Kagongwa, kwenye nyumba ya kupanga, vyumba sita vinavyotazamana uani. Haukupita mwaka akaniletea ujumbe. Njoo umwambie Bibi aache. Anaingia vyumba vya watu. Akisikia mwanamke analia, au hata mtoto, anajikokota na fimbo, anasukuma mlango, anakaa kitandani kwa watu. Wapangaji wamechoka, mwenye nyumba anataka tuhame. Wewe atakusikia.

Nilijua kwa nini alinichagua mimi. Mkono wangu kila mtu aliuona. Nikapanda basi, nikabadilisha Kahama, njia nzima napanga maneno.

Nilimkuta kwenye mkeka mlangoni, amekuwa mdogo, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza."

"Nimetumwa."

"Basi gombeza. Ila kaa kwanza, shingo inaniuma kukuangalia huko juu."

Nikakaa. Nikamwambia kwamba hapa ni mjini, watu wametoka kila mahali, hawamjui wala yeye hawajui. "Nyumba nzima hii huna mti hata mmoja, Bibi. Kwangu ulisimama nje. Hapa unaingiaje?"

Alinishika kiwiko. "Nyoosha."

Nikanyoosha, ukafika pale unapofika.

"Unauma?"

"Wakati wa baridi."

Aliulaza mkono wangu mapajani mwake. "Siku ile nilikuwa na miguu," alisema. "Nilikuwa na bega. Tulikuwa watu wangapi pale? Mlango wako tungeuangusha mara moja. Nilikuwa nafikiria sheria niliyoachiwa na mama yangu, nisiiharibu. Mumeo akakuvunja mkono, mimi nikasubiri. Tangu siku ile sipigi hodi kwa mtu anayelia. Mti au hakuna mti."

Miaka yote nilikuwa nayasubiri maneno hayo, na yalipokuja nilikasirika upya mpaka macho yakaniwaka.

"Mbona hukuniambia?"

"Huu mdomo ni wa kutukana. Mengine sikufundishwa."

Nilitaka kumjibu. Chumba cha tatu upande wa pili wa ua mwanamke akalia, si kwa nguvu, kama anayejaribu kunyamaza. Kitu kikaanguka. Wanawake waliokuwa wanafua uani wakainamia mabeseni yao. Yule mama akashika fimbo, akajiinua, magoti yakakataa, akaanguka kwenye mkeka. Akajaribu tena. Nikamshika begani nikimzuia, na nikaona hana haja ya kuzuiwa.

"Nenda," akaniambia.

"Mimi hapa mgeni, Bibi."

"Na mimi mgeni. Nenda!"

Mtoto wa dada yake alikuwa amesimama uani na kitambaa cha cherehani mkononi. "Dada, tafadhali," alisema, "mambo ya mtu na mke wake hayo. Sisi ndio uliokuja kutusaidia." Nikampita. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma kwa mkono uliokuwa karibu, na ulikuwa ule mbovu.

Mwanamume alikuwa kijana, ameshika mkanda. Mkewe alikuwa ukutani, kanga mdomoni. Yule kijana aligeuka akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, vumbi la safari na kikapu changu bado begani.

"Wewe nani?" akauliza. "Nani kakukaribisha humu?"

"Hakuna," nikasema. Nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.